Swali la Tisa

Kliniki ya Moyo, chumba cha fomu
4 Februari

Mzee wangu kinyozi,

Shikamoo. Mimi ni yule karani wa kliniki, mwenye miwani, niliyekuita mara mbili juzi nikaambiwa umeshaondoka. Sikulaumu hata kidogo. Foleni ilifika kwenye ngazi, na feni ilikuwa imekufa tangu asubuhi.

Nakutumia fomu ambayo ungeijaza hapa mezani kwangu. Ni ya utafiti wetu wa watu ambao mapigo ya moyo wao hupotea njia, kama wewe. Mashine hutuonyesha moyo unavyopiga, lakini haituonyeshi mtu anavyoishi: analalaje, anapandaje ngazi, anafanyaje kazi, yukoje na watu wake. Hayo mpaka tuulize. Na kwako ni muhimu kuliko kwa wengine, maana moyo wako una ujanja. Kila ukija kupimwa unatulia tuli, karatasi inatoka safi, halafu ukifika nyumbani unaanza vituko vyake.

Maswali ni ishirini. Kila moja lina namba, kuanzia moja hadi saba. Zungushia moja. Tumia kalamu ya wino tafadhali, penseli hairuhusiwi, kwa sababu inafutika na wakubwa hawataki kusikia habari za kufutika. Mengine yanajieleza yenyewe. Bahasha ya kurudishia nimeibandika stempu.

Kwa heshima,
Karani wa fomu

*

Dukani
15 Februari

Binti yangu karani,

Marahaba. Fomu yako hii hapa. Niliijaza Jumatatu, siku ninayofunga duka. Nilikaa kwenye kiti cha wateja mwenyewe, kioo mbele yangu, ili nisijidanganye.

Utaona sikujipunja. Shule niliacha nikiwa wa tatu kutoka mkiani, kwa hiyo nilipopewa nafasi ya kujipa alama mwenyewe, nani angenishika mkono? Usingizi, saba. Kazi, saba: huu mkono bado unanyoa ndevu za mtu aliyesinzia bila kumwamsha. Ngazi nikajipa sita, usije ukasema mzee anapiga chuku. Swali la tisa, lile la watu wa nyumbani, saba bila hata kufikiri. Mimi na mama wa nyumba hii tuna miaka thelathini na moja, na hatujawahi kurushiana kijiko. Siku hizi haji dukani, lakini ni kwa sababu ana shughuli zake.

Moyo wenyewe unaruka mara mojamoja, kama mtu aliyekumbuka kaacha jiko linawaka. Kisha unatulia. Mwambie daktari kwamba mzee hajambo.

Wako,
Kinyozi (wateja wananiita Mkono Mwepesi, ukija mjini kwetu uliza kwa jina hilo)

*

Kliniki ya Moyo
12 Machi

Mzee wangu,

Shikamoo, na pole. Pole sana. Tulipojumlisha fomu za watu mia moja na kumi na wawili nilirudia yako mara tatu nikidhani nimekosea hesabu. Hali yako ni miongoni mwa zile mbaya kabisa. Nilikuona umekaa kwenye benchi unawachekesha wagonjwa wenzako, kumbe mtu anaungua ndani kwa ndani.

Sasa nikupe la kukufariji. Mwezi ujao wanakuja madaktari wageni wanaotibu mapigo haya kutoka kwenye mzizi wake. Wanapitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wanaunguza kile kijisehemu kinachofanya fujo. Vitanda ni vinane tu. Daktari amewapanga watu kufuatana na wanavyoteseka, na wewe ni wa tatu. Tarehe 27 Aprili, saa moja asubuhi. Uje na mtu wa kukaa nawe.

Nakuombea heri,
Karani wa fomu

*

Dukani
19 Machi

Karani,

Leo sina marahaba.

Unajua barua yako niliisomea wapi? Dukani. Wateja wanne wamekaa, mmoja namwosha nywele, kichwa kimejaa povu. Nilipoona muhuri wa kliniki nikasema, sikilizeni, mzee wenu amefaulu, nikaanza kusoma kwa sauti. Nikasoma mpaka pale kwenye "mbaya kabisa". Nikasoma na "anaungua ndani kwa ndani", maana mdomo ulishashika kasi, breki hakuna. Wawili wakakumbuka ghafla wana safari. Yule mwenye povu alibaki kwa sababu hakuwa na jinsi, lakini alinishika kiwiko akaniuliza taratibu, "Mzee, una hakika leo unaweza?"

Mimi wa kuulizwa hivyo! Miaka ishirini na sita nashika shingo za watu wa mji huu.

Nilikupa saba kumi na sita, na sita nne. Unataka nini zaidi, binti yangu? Nane? Mimi si mgonjwa wa kitanda. Rekebisheni hiyo hesabu yenu na mniletee barua nyingine yenye muhuri uleule, niisome mbele ya watu walewale.

Mkono Mwepesi

*

Kliniki ya Moyo
24 Machi

Mzee wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, na baada ya hapo nikaitafuta ile ya Februari. Ilikuwa bado imekunjwa nyuma ya fomu yako. Sikuwahi kuifungua. Nilichukua namba nikaacha maneno, na maneno yote yalikuwa humo: sikujipunja, alama, hajambo. Natamani ardhi ipasuke.

Zile namba si alama za shule. Moja maana yake ni kwamba moyo haukusumbui kabisa katika jambo hilo. Saba maana yake umekuharibia kabisa. Maelekezo hayo yako kwenye karatasi niliyoigandisha mezani kwangu kwa gundi, ili isipotee, na kila anayejaza hapa namsomea. Wewe nilikutumia maswali bila maelekezo. Na chini ya kila fomu kuna mstari unaosema "Mshiriki ameelezwa kwa mdomo". Wa kwako niliuwekea tiki kabla hata sijaitia fomu kwenye bahasha. Nilikuwa na fomu thelathini na nane za posta siku ile, nikaziwekea zote tiki, nikaenda zangu nyumbani.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo zito. Kama saba zako zilikuwa za kusema "sijambo", basi wewe si wa tatu, wewe ni karibu na wa mwisho, na kitanda si chako. Kuna mtu wa tisa anakisubiri. Siwezi kunyamaza, na nikisema, huenda kazi yangu ikaondoka kabla ya kitanda chako.

Niambie kweli. Ulikusudia kusema hujambo?

Karani

*

Nyumbani
29 Machi

Binti yangu,

Hii ni karatasi ya nne. Tatu nimezichana.

Umeuliza nilikusudia nini. Nilikusudia kusema sijambo. Jibu ndilo hilo, ungeweza kuishia hapo ukampa kitanda huyo wa tisa.

Lakini mimi ni mgonjwa. Yote mawili ni kweli, na najua yanavyosikika. Mzee juzi alikuwa mzima, kasikia kuna kitanda, leo anaumwa. Hata mimi ningecheka.

Silali. Ninakaa tu kwenye kiti, nikilala chali kifua kinanidundadunda mpaka kitanda kinatikisika. Ngazi za mtaa wetu napanda kwa kujifanya nafunga kamba za viatu kila baada ya hatua kumi, na viatu vyangu, binti yangu, havina kamba. Wembe sishiki tena. Nawaambia wateja umepitwa na wakati, nanyoa kwa mashine.

Sasa nikwambie kwa nini. Mwezi wa kumi na moja, Jumamosi, foleni imejaa, nilikuwa namnyoa fundi viatu jirani yangu. Shavu la kulia nilishamaliza. Moyo ukaanza. Si kuruka, ni kukimbia, kama unafukuzwa. Macho yakaingia giza. Nilipozinduka nilikuwa bado nimesimama, wembe mkononi, na sikio la fundi viatu linachuruzika damu mpaka kwenye kola.

Mke wangu alikuwa anapita nyuma yangu akileta maji. Na mimi, mbele ya watu tisa, nikageuka nikamfokea. "Mwanamke, huoni watu wako kazini? Umenigonga mkono!"

Aliniangalia. Nilidhani atakataa. Akasema, "Nisameheni." Akamwomba radhi fundi viatu, akaleta pamba, akamfuta, akapiga deki. Tangu siku hiyo hajakanyaga dukani. Wateja wamelifanya utani: "Mama hayupo leo? Haya, tunyoeni kwa amani." Nami nacheka nao. Ndiyo. Nacheka nao.

Tunakula meza moja. Ananiwekea chakula, ananiuliza kama chumvi imetosha. Zaidi ya hapo hatuongei. Hilo ndilo swali lako la tisa.

Mtu yeyote sijamwambia haya. Nakwambia wewe kwa sababu hujawahi kunipa shingo yako.

Kinyozi

*

Kliniki ya Moyo
3 Aprili

Mzee wangu,

Shikamoo. Nimemweleza daktari kila kitu, kuanzia ile gundi mezani mpaka tiki zangu. Hakunipigia kelele, afadhali angepiga. Alivua miwani, akaifuta, akaniambia, "Kwa hiyo tumepima watu thelathini na nane bila kujua tunapima nini." Kazi sijafukuzwa. Nimepewa simu na orodha, nawapigia mmoja mmoja kuwaomba radhi na kuwauliza upya. Leo nimefika wa kumi na nne. Wawili walikuwa wamejipa alama kama wewe. Mmoja amenikatia simu.

Kuhusu wewe, barua yako sikumwonyesha, nilimwambia tu kwamba unasema unaumwa. Akasema, "Alisema mzima akaandika mgonjwa, leo anasema mgonjwa. Nimwamini lini?" Mwisho akakubali hivi: ujaze fomu mpya, safari hii na maelekezo, na mtu anayeishi nawe nyumba moja aandike kwa mkono wake kile anachokiona. Vyote vifike kabla ya tarehe 15, la sivyo kitanda kinakwenda kwa wa tisa.

Nimesoma ulichoniandikia, najua unaishi na nani. Ningeweza kumwomba daktari akubali barua ya jirani. Nilifungua mdomo nikaufunga. Sijui kama nilifanya vizuri.

Fomu mpya hii hapa, na maelekezo nimeyabandua mezani, ndiyo maana yamechanika pembeni. Moja, haukusumbui. Saba, umekuharibia. Wino tafadhali.

Karani

*

Jikoni, chini ya kopo la sukari
Jumatano, 8 Aprili

Mke wangu,

Nakaa nawe meza moja na bado nakuandikia barua, sasa ona nilipofika. Mdomo wangu unajua kuchekesha watu tu. Mara tatu wiki hii nimekuja nyuma yako ukiosha vyombo, nikaishia kuuliza habari za mfereji.

Barua zote za yule karani nimezifunga kwa mpira, ziko hapa, na zangu nimezinakili. Zisome zote. Hukunigonga mkono. Wewe unajua, nami najua, lakini sijawahi kukwambia, na miezi mitano imepita.

Wanataka barua ya mtu anayeishi nami. Usipoandika sitakulaumu, wala sitamwambia mtu kwamba nilikuomba. Fomu nimeshajaza. Naomba tu ulisome swali la tisa.

Mumeo

(Nyuma ya karatasi hiyohiyo, kwa mwandiko mwingine:)

Nimesoma. Kwa karani siandiki kitu mpaka umwambie fundi viatu. Na usimfuate kwake chumbani ukamnong'oneze. Umwambie palepale dukani, Jumamosi, foleni ikiwa imejaa, mahali uliponisingizia mimi.

Sukari imekwisha.

*

Nyumbani
Jumapili, 12 Aprili

Binti karani,

Hujambo. Mimi ni mke wa kinyozi. Kuandika si kazi yangu, nitasema kwa kifupi.

Mume wangu anaumwa. Analala kwenye kiti tangu mwaka jana. Usiku namsikia anahesabu pumzi zake kwa kunong'ona, anadhani nimelala. Ameanguka mara mbili bafuni, akatoka anasema sabuni hii inateleza, nunueni nyingine. Tumebadilisha sabuni mara tatu. Siku ya lile sikio nilimwona macho yamegeuka meupe kabla wembe haujateleza. Mkono wangu haukuwa karibu naye. Haya ndiyo ninayoyaona, na daktari asome.

Yanayobaki nakwambia wewe, kwa sababu nimesoma barua zako na naona nawe aibu imekukaba.

Jana nilikwenda dukani. Sikuingia, nilisimama mlangoni. Walikuwa kumi na moja. Fundi viatu alikuwa wa nne, mume wangu akamruka yule wa tatu akamwita. Akamkalisha. Akamfunga kitambaa shingoni, akaiweka mashine chini, watu wakaanza kutazamana. Halafu akasema, akimwangalia kwenye kioo, "Sikio lako nililikata mimi. Moyo wangu unazima taa. Mke wangu hakunigusa, nilimsingizia kwa sababu niliona aibu mbele yenu." Akaificha mikono nyuma, kama mtoto.

Nilidhani duka litalipuka. Fundi viatu akajishika sikio, pale penye kovu. Akasema, "Tulijua."

Mume wangu akauliza, mlijua nini.

"Mama alikuwa na ndoo mkono huu na beseni mkono huu. Angekugonga na nini?"

Binti, wote walijua. Wote tisa, tangu siku ile. Walikuwa wanamtania "Mama hayupo" ili waone kama atasema. Na yeye anacheka, na wao wanacheka, na mimi niko nyumbani nahesabu Jumamosi. Nikajikuta nina hasira nao kuliko naye. Niliingia ndani nikawaambia. Sitakuandikia nilichowaambia. Fundi viatu alivua kofia.

Mume wangu alikaa chini kwenye kiti chake mwenyewe, akalia mbele ya watu. Hakuwa na kitu cha kujifutia ila kile kitambaa chenye nywele. Nilimletea maji. Kwa mikono miwili.

Sasa fomu. Alikuwa ameshaijaza, na jana usiku tumeipitia upya, maelekezo yale yaliyochanika tumeyaweka kati yetu, nikimsomea. Ishirini zote. Tulipomaliza akatoa nakala aliyojiwekea ya ile fomu ya kwanza akalinganisha. Namba ni zilezile. Saba kumi na sita, sita nne. Alizoziandika akidanganya na alizoziandika akisema kweli, hakuna hata moja iliyobadilika. Ameniuliza, "Sasa watanicheka?" Nikamwambia watakucheka.

Kitanda mtaamua nyinyi. Yule wa tisa naye ana watu wake.

Jambo moja nikuombe radhi. Mnataka wino, na yeye alitumia wino. Lakini swali la tisa nimelikwangua kwa wembe wake, karatasi ikabaki nyembamba kidogo, nikaandika mimi. Saba ileile. Nimeiandika kwa penseli.

Mke wa kinyozi

*

Kliniki ya Moyo
16 Aprili

Mama,

Shikamoo. Daktari amesoma ukurasa wako wa kwanza, ule wa pili nimebaki nao mimi. Hakucheka. Mzee ni wa tatu, tarehe 27, saa moja asubuhi. Asile kitu tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, na mwambie aache utani wa wembe mbele ya madaktari wageni, hawamjui. Wa tisa nimempigia mwenyewe kumwambia bado anasubiri. Hiyo ilikuwa simu ngumu kuliko zile zote za orodha.

Swali la tisa, mkubwa wangu ameliona akasema fomu irudishwe ikaandikwe kwa wino. Nimemwambia haiwezekani. Ni mara ya kwanza namjibu hivyo.

Kwenye daftari la wodi kuna nafasi ya mtu atakayekaa na mgonjwa. Sijui kama utakuja, na safari hii sikutaka kuweka tiki kabla ya kuuliza. Nimekuandika wewe, kwa penseli.

Karani